Bi Raiya na Gari la Milioni Saba

Kwa miaka ishirini na miwili Raiya binti Hamad alipata riziki yake akiwa amekaa upande wa kushoto wa gari. Alikuwa mwalimu wa udereva mjini Malindi, na gari la mafunzo lina breki ya pili chini ya miguu ya mwalimu. Mguu wake haukubanduka kwenye breki hiyo, macho yake hayakubanduka barabarani, na ulimi wake haukupumzika: "Taratibu, mwanangu. Taratibu. Usimtazame mbuzi, itazame njia." Nusu ya madereva wa mji walipita mikononi mwake: wa tuktuk, wa malori ya mchanga, mabibi wa mahoteli, hata daktari mmoja aliyetetemeka kuliko wagonjwa wake. Katika miaka yote hiyo hakuna siku mshale wa mwendo ulivuka hamsini. Na gari lake mwenyewe hakuwa nalo. Asubuhi alitoka kwake mtaa wa Shela kwa miguu, jioni akarudi kwa miguu.

Alikuwa amefikisha miaka arobaini na tisa, ameachika zamani bila ugomvi, na bintiye wa pekee, Tima, ameolewa Lamu. Watu walimheshimu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba Bi Raiya ana jambo analolitamani.

Siku moja alikwenda Casuarina kumfundisha Jedida, mama wa Kitui aliyekuwa akimtunza mzee mmoja Mtaliano aitwaye Renzo. Mzee alitaka Jedida ajue kuendesha ili amfikishe hospitali mgongo unapomshika. Somo lilipokwisha mvua ilishuka ghafla, wakakimbilia banda la magari. Humo ndani palikuwa na kitu kimefunikwa kwa shuka la kijivu, kifupi, kipana, kimelala chini kama mnyama anayenyatia.

"Ni nini hicho?" Raiya akauliza.

Mzee Renzo alikuwa amesimama mlangoni na mkongojo wake. Aliishi Malindi miaka thelathini, na Kiswahili chake kilitoka upesi ingawa kilichechemea. "Hiyo ni bibi yangu ya tatu," akasema. "Ghali kuliko zile mbili." Akalivuta shuka.

Lilikuwa gari la mbio la Kiitaliano, jekundu, la viti viwili. Injini yake ilikaa nyuma ya viti, chini ya kioo, inaonekana yote kama mkufu katika kabati la sonara. Lilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, na lilikuwa halijamaliza kilomita elfu ishirini.

"Nilinunua kwa bei ya nyumba tatu," mzee akasema. "Mwaka wa kwanza ikawa nyumba mbili. Sasa ni nyumba moja, tena haina choo. Na mimi narudi kwetu mwezi wa sita. Nani atanunua? Tajiri anataka mpya. Maskini anataka Probox."

"Mbona huliendeshi?"

"Mgongo. Kuingia naweza. Kutoka, mpaka waje watu wawili." Akamtazama jinsi alivyokuwa akilizunguka gari bila kuligusa. "Wewe mwalimu. Ingia. Washa."

Raiya akaingia upande wa kulia. Kiti kikamshika mbavu. Hakukuwa na breki ya pili popote. Akabonyeza kitufe, injini ikakohoa mara moja nyuma ya kisogo chake, ikashika, na sauti ikampanda kutoka kiunoni hadi kwenye mizizi ya meno. Jedida akaziba masikio. Kuku wa jirani wakaruka ua. Na Raiya, mwanamke mzima, mwenye heshima zake, akacheka kama mtoto aliyetekenywa, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mvua juu ya bati haikusikika tena.

"Bei gani?" Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Milioni saba."

Na milioni saba alikuwa nazo. Miezi mitatu nyuma, yeye na kakake Farid walikuwa wameuza kiwanja cha marehemu baba yao kule Mnarani, ng'ambo ya daraja la Kilifi. Fungu lake, nusu ya fungu la kaka kama mirathi isemavyo, lilikuwa benki likimngoja aamue. Farid, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikwisha kumwamulia: vyumba vya kupangisha huko Muyeye, ukuta kwa ukuta na vya kwake.

Habari ilipomfikia, Farid aliita kikao. Walikaa sebuleni kwake, kahawa chungu na tende katikati, na shangazi yao Bi Zuhura, mwenye miaka themanini, akawekewa mto mgongoni awe shahidi.

"Raiya, dadangu," Farid akaanza, "baba alituachia ardhi. Ardhi ukiilalia inanenepa. Gari ukililalia linakonda. Kitu kimeshuka kutoka nyumba tatu hadi moja, nawe unakwenda kukidaka chini kwa mikono miwili?"

"Wewe fungu lako unalijengea vyumba kumi na viwili, kakangu. Nilikuuliza?"

"Vyumba vinazaa!"

"Mimi nimeshazaa. Sasa nataka kwenda."

"Kwenda wapi?"

Raiya akajimiminia kahawa. Ndipo Bi Zuhura akajitengeza kwenye mto. "Lina viti vingapi?"

"Viwili, shangazi."

"Milioni saba, viti viwili!" bibi akashangaa. "Na mimi nitakaa wapi?"

Mwajiri wake naye alijaribu. Peterson, Mmeru mpole aliyeifungua shule ile ya udereva kwa magari mawili chakavu, alimwita ofisini akafunga mlango. "Mwalimu, mimi nimeuza na kununua magari maisha yangu yote. Gari ni barafu. Unainunua ikiwa jiwe, ukifika nyumbani umebeba maji."

"Hata maji ya barafu yanakata kiu, bwana Peterson," Raiya akamjibu. Juma lililofuata akalipa.

*

Siku ya kulitoa gari Casuarina kulipeleka Shela, alivaa buibui jipya na miwani ya jua ya Tima. Ni safari ambayo tuktuk inaimaliza kabla abiria hajatafuta chenji. Yeye ilimchukua saa moja na nusu.

Tatizo la kwanza lilikuwa tuta. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watu kupanda tuta, na sasa tuta la kwanza kabisa likamshinda. Pua ya gari ilikwaruza lami kwa sauti iliyowafanya watu waliokuwa kibarazani wote waseme "Aaah!" kwa pamoja, kama wao ndio walioumia. Akasimama. Nyuma yake foleni ikaanza kujipanga, na kwenye foleni hiyo alikuwamo Kitsao.

Kitsao alikuwa fundi wa tuktuk, mtu wa Vitengeni mwenye gereji yake Muyeye chini ya mabati manne. Aliteremka, akalala kifudifudi barabarani na shati lake safi, akachungulia chini ya gari, kisha akainuka uso umemng'aa kama mtu aliyetoka kuhiji.

"Shikamoo, mayo," akamwita mama kwa lugha ya kwao.

"Marahaba, baba. Niambie."

"Tumbo lake liko chini kuliko la bata. Usilipandishe uso kwa uso. Lipandishe upande upande: gurudumu moja, halafu la pili. Kama kaa."

Akamwongoza kwa mikono, anarudi nyuma hatua kwa hatua, naye Raiya, mwalimu, akatii kama mwanafunzi wa siku ya kwanza. Gari likavuka mshazari bila kukwaruza. Watoto waliokuwa wakitoka madrasa wakapiga kelele, "Kaa! Kaa! Kaa limevuka!" na tangu siku hiyo gari halikuwa na jina lingine mjini. Watu wazima waliendelea kubishana vibarazani kama ni Ferari ama Lamboghini. Watoto waliliita Kaa, jekundu, pana, linalokwenda upande.

Matuta mengine manane waliyavuka hivyo hivyo, Kitsao mbele akitembea, bodaboda ishirini nyuma wakipiga honi. Mbele ya benki mlinzi akapiga saluti. Muuza madafu akaacha dafu nusu limekatwa. Kwenye kizuizi cha trafiki askari aliinua mkono, akamkaribia kwa hatua nzito za kazi, akasema, "Leseni," kisha akainama dirishani na sura ikamyeyuka.

"Mwalimu! Mwalimu, si ni mimi, Ngowa! Ulinifundisha kurudi nyuma kule uwanjani, nikagonga mnazi!"

"Nakukumbuka, Ngowa. Mnazi ule ulikufa."

Askari watatu wakapiga picha, mmoja mmoja, halafu wote pamoja, na magari ya kutoka Lamu yakasimama yakiwangoja wamalize. Raiya alifika kwake mashavu yakimuuma kwa kucheka. Usiku huo aliamka mara tatu kuchungulia dirishani kama bado lipo.

*

Mji haukumwacha. Wiki ile ile akaambiwa amefuga jini, ameolewa kwa siri na Mtaliano, anauza unga. Binamu ambao hakuwasikia miaka kumi walimpigia simu kumsalimu. Sokoni, samaki changu aliyekuwa akimnunua kwa shilingi mia tatu alipanda hadi mia tano, na alipouliza kulikoni, muuzaji akamjibu bila haya, "Bi Raiya, samaki naye anajua nani anamla." Mama mmoja jirani alikuja kumwomba mchango wa hospitali, akampa alichokuwa nacho, yule mama akakitazama kilichomo kiganjani, akalitazama gari, akaondoka bila kuaga. Hilo lilimkaa moyoni siku nyingi. Hakuwa amefikiri kwamba gari linaweza kumgeuza mtu kuwa mwongo pale anaposema hana.

Lakini furaha ilizidi. Shuleni wanafunzi walimiminika. Fridah wa mapokezi alilazimika kununua daftari jingine, maana kila msichana wa Malindi alitaka kufundishwa na mwenye Kaa. Peterson mwenyewe alimwongezea mshahara. Ijumaa baada ya swala Raiya alilitoa gari, akafika Watamu akarudi, dirisha wazi, na kule msituni Gede ambako njia imenyooka alisikia sauti ya injini ikirudishwa na miti. Hakuvunja sheria ya mwendo hata mara moja. Mguu wa mwalimu ulikuwa mzito. Kila alipotaka kuukandamiza, sauti yake mwenyewe ilimwambia taratibu.

Kisha akaja mama wa Hafswa, jirani wa nyumba ya tatu, na ombi lake.

"Raiya, mwanangu anaolewa Jumapili. Magari ya maharusi yako tele, lakini dereva ni mwanamume, na bwana harusi hataki. Lako lina viti viwili. Wewe mmoja, yeye mmoja. Nani mwingine katika pwani hii anaweza kumchukua bibi harusi namna hiyo?"

Raiya alikuwa hajalifikiria. Viti viwili, vilivyomkasirisha shangazi yake, vilikuwa ndivyo hasa vilivyotakiwa.

Jumapili alasiri Shela ilijaa mpaka juu ya mapaa. Hafswa alitoka kwao amefunikwa kanga ya dhahabu, mikono imejaa hina hadi viwiko, akaingizwa ndani ya Kaa na wanawake wanne, na nguo yake ikafuatia kipande kwa kipande mpaka Raiya akawa haioni gia. Vigelegele vikapasuka. Twarabu ikapanda kutoka vipaza sauti vya tuktuk. Kitsao alikuwa amechonga mbao mbili za kuwekwa kwenye kila tuta, na mama wa Hafswa akaamuru mbao zitandikwe zulia. Wakaenda hivyo mwendo wa konokono, zulia likiwekwa na kutolewa, watu wakitembea ubavuni wakigonga dirisha.

"Bi Raiya," bibi harusi akanong'ona chini ya kanga, "naogopa."

"Unamwogopa mume?"

"Hapana. Naogopa tutafika haraka."

Raiya akacheka, akazunguka mtaa mzima mara ya pili, kisha ya tatu, na msafara wote ukamfuata bila kujua kwa nini.

Mzunguko huo wa tatu ndio uliomponza. Gari lililoumbwa kukimbia lilikuwa limetambaa saa mbili katika joto, na karibu na nyumba ya bwana harusi harufu ya kuungua ikajaa ndani. Hafswa aliteremshwa salama. Raiya alipotaka kuondoka, injini ilinguruma na gari halikusogea hata kidole. Klachi ilikuwa imekwisha.

*

Vijana kumi walilisukuma Kaa hadi Muyeye, na safari hii waliopiga picha walikuwa wakicheka. Klachi mpya haikupatikana Malindi wala Mombasa. Ilibidi iagizwe Ulaya, na bei yake ilikuwa mshahara wake wa miezi minane. Gari likakaa chini ya mabati ya Kitsao miezi minne. Vumbi likakaa juu yake, kuku akataga kwenye kiti cha abiria. Raiya alirudi kutembea kwa miguu, na watu waliokuwa wakimpungia sasa walimuuliza kwa upole mkali, "Kaa hajambo?"

Klachi ilipofika, Kitsao aliifunga mwenyewe, simu imeegemezwa kwenye mkebe wa oili ikimwonyesha mafundi wa mbali wanavyofanya. Kazi ilimchukua siku tisa. Bima nayo ikadai gari likadiriwe upya, akaja mthamini na karatasi yake, akazunguka mara mbili, akaandika: milioni nne na nusu.

Farid aliisoma karatasi hiyo akiwa amesimama mlangoni pa dada yake. Hakumcheka, na hilo lilimuuma Raiya zaidi. "Milioni mbili na nusu, Raiya. Kwa mwaka mmoja na miezi. Na sehemu ya baba kule Mnarani, aliyeinunua sasa anakataa kuiuza hata kwa mara mbili ya bei tuliyomuuzia. Liuze kabla halijawa bati."

Safari hii Raiya hakumbishia. Akampigia simu Mazin, dalali wa magari wa Mombasa, kijana wa maneno matamu. Mazin akasema milioni nne taslimu, ila alitaka aone linakimbia. Ilikuwa bahati, akasema: Jumamosi kulikuwa na siku ya magari kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya Kilifi, ambapo wenye magari ya kasi huruhusiwa kuyaachia kwenye njia ya kurukia ndege, mmoja mmoja, bila trafiki wala mbuzi. Alipe kiingilio, alikimbize mara moja, watie sahihi hapo hapo.

Raiya alilala vibaya siku tatu. Jumamosi asubuhi aliliosha gari kwa mikono yake, kila kiungo, kama anayemwandaa mtu kwa safari.

*

Kiwanjani kulikuwa na magari kama arobaini na watu mamia. Wengi wa wenye magari walikuwa vijana wa Nairobi na Mombasa, kofia nyuma mbele. Walipoona buibui likishuka ndani ya gari jekundu, minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Kitsao alikuja naye. Mazin alikuwapo, ameshika mkoba. Na pembeni, chini ya mwavuli, Raiya akamwona Farid, aliyemleta Bi Zuhura kwenye kiti cha plastiki.

"Nimekuja kuhakikisha hujaibiwa kwenye mauzo," Farid akasema, bila kumtazama machoni.

Ilipofika zamu yake, mwanamke mmoja mwenye bendera akamkagua mkanda na kofia ngumu aliyovaa juu ya mtandio. "Nani anakaa nawe?"

Kitsao alikuwa tayari ameshaingia. "Klachi niliifunga mimi," akasema, "ikipasuka nipasuke nayo."

Mbele yao lami nyeusi ilinyooka kilomita moja na nusu, tupu, mpaka ikayeyuka katika mvuke wa joto. Hapakuwa na tuta hata moja. Bendera ikashuka.

Mguu wa Raiya ukasita. Kwa pumzi moja nzima ulisita, na sauti ile ya miaka ishirini na miwili ikaanza, "Tara..." Akaukandamiza mpaka chini.

Gari halikuondoka, lilirushwa. Kisogo chake kikagonga kiti, macho yakajaa maji, na ile injini ambayo mwaka mzima ilikuwa ikiguna matutani ikafungua koo yake yote. Hamsini ilipita kabla hajaiona. Mia ikapita. Akavuta gia, sauti ikaruka ngazi, akavuta tena. Mia na sitini. Nyasi pembeni zikawa rangi moja ya kijani. Kitsao alikuwa akipiga kelele kwa Kigiriama, sala au matusi, haikujulikana. Mia mbili. Usukani haukutetemeka. Kila kitu katika gari lile, kilichokuwa kigumu, kizito, kisichofaa mjini, sasa kilikuwa chepesi na chenye akili, na mikono yake ikajua la kufanya bila kuulizwa. Akajisikia anapiga ukelele, wa juu, mrefu, kigelegele kama cha harusini, kana kwamba yuko peke yake mbele ya dunia iliyomfungukia. Mia mbili na thelathini na nne. Kisha alama nyekundu za mwisho wa njia, na breki, breki yake mwenyewe, chini ya mguu wake mwenyewe, na gari likanyenyekea, likapungua, likasimama.

Kimya. Injini ikawa inatoa mlio mdogo wa chuma kinachopoa.

"Mayo," Kitsao akasema, "nimeacha roho yangu kule katikati. Twende tukaichukue."

Waliporudi, watu walikuwa wamekata kamba ya kuwazuia. Vijana wa kofia walimshika mikono, wakamwita mama, wakamwita bingwa. Bi Zuhura alikuwa amesimama kwa miguu yake, kiti kimeanguka nyuma. Lakini Raiya alimtazama Farid. Mwavuli ulikuwa umemdondoka. Mtu huyu mwenye vyumba kumi na viwili vya kupangisha, asiyewahi kupandisha sauti isipokuwa kwa wapangaji, alikuwa akimkamata Mazin bega na kumtikisa.

"Umemwona dadangu? Umemwona? Huyo ni dadangu!"

Mazin akajinasua, akafungua mkoba. "Bi Raiya, mashallah. Nne na laki mbili. Natia sahihi sasa hivi."

Raiya akavua kofia ngumu, akatengeneza mtandio. "Nikilikalia mwaka mwingine, litashuka kiasi gani?"

"Wallahi sikufichi. Laki nne, tano. Halafu litatulia. Gari la namna hii likishazeeka vya kutosha halina tena pa kushuka."

"Laki tano kwa mwaka," Raiya akarudia taratibu, akamgeukia kakake. "Sherehe ya kumwoza binti yako wa mwisho ilitumia kiasi gani?"

Farid akakohoa. "Zaidi."

"Siku moja?"

"Siku mbili," Farid akasema. Kisha, mbele ya dalali na Kitsao na shangazi yao, akaongeza kwa sauti ya chini, "Usiliuze leo. Kwanza nipeleke na mimi."

Mazin alifunga mkoba wake bila kinyongo, akaomba picha.

*

Kwa hiyo Bi Raiya bado analo. Bado anafundisha, bado analipa samaki bei ya wenye magari, na maharusi anawachukua kwa sharti la mzunguko mmoja tu. Mwezi uliopita alilipeleka Kaa upande wa Vitengeni, mpaka pale lami ilipoishia, kwa sababu mamake Kitsao alikuwa amekataa kuamini habari za mwanawe bila kuona. Bibi huyo alikuja kwa miguu kutoka shambani kwake, gunia la mihogo kichwani, akalizunguka gari kimya, akaipigapiga milango kama anayechagua tikiti maji.

"Mizigo wanaweka wapi?"

Raiya akafungua mbele, palipo na kijishimo cha kutosha begi moja.

Bibi akapima kwa macho, akatua gunia, akalisokomeza humo kwa goti mpaka likaingia lote, akafuta mikono kwa leso. "Linafaa," akasema. "Hiyo ni ya kwenu Malindi. Muwe mnakula, mmekonda."